UZI: Nimeacha lami nimehamia milimani, wakimbiaji wa Kigoma na kwingineko njooni tujadili

Mkimbiaji wa Mwanga (mwanzisha uzi)

Mwakeye wakuu. Tangu niweke zile picha za vilima vya Bangwe PM imejaa, na maswali ni yaleyale, raba gani, huogopi nyoka, lami imekukosea nini. Nimeona nijibu mara moja hapa kila mtu asome, na wenye uzoefu kunizidi waje waniongezee.

Mimi ni mtu wa lami wa miaka, wengi mnaniona. Ruti yangu ni stesheni, napanda na barabara ya Lumumba mpaka Mwanga, naenda zangu Ujiji hadi kule kwenye kumbukumbu ya Livingstone nageuza. Ruti tamu, sina ugomvi nayo. Ila mabega ya barabara sehemu kubwa hayatoshi, bodaboda zimeongezeka na wengine wanakupitia karibu mpaka unasikia joto la injini, alafu lami ina tabia moja, mguu unatua vilevile, pembe ileile, uzito uleule, maelfu kwa maelfu ya hatua, kwahiyo ukiwa na kasoro ndogo tu ya mwendo inagonga palepale kila siku mpaka goti au kisigino kinaamka. Milimani hakuna hatua mbili zinazofanana. Sisemi huko hakuna kuumia, kupo, ni kwa aina nyingine na tutafika huko.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho naona wengi wanakichukulia kinyume. Watu wa lami wakiuliza kuhusu mlima wanauliza kupanda. Kupanda ni pumzi, na pumzi mtu wa lami tayari unayo. Kinachotenganisha watu huku ni KUSHUKA. Ukishuka paja la mbele linafunga breki kila hatua, msuli unavutwa huku umekaza, na hiyo ndio kazi inayouchanachana kuliko zote. Siku yenyewe unajiona uko freshi unatamba, kesho yake unaanza kusikia, keshokutwa kukaa tu chooni unashika ukuta. Habari njema ni kwamba msuli unajifunza haraka sana, ukishauumiza kidogo kwa mteremko unajikinga kwa wiki kadhaa zinazofuata, maumivu ya mara ya pili yanapungua sana. Kwahiyo anayehama aanze na miteremko mifupi, midogo, aiachie siku chache, arudie. Usianze na mlima mkubwa kisa Ujiji unaenda na kurudi bila kuhema.

La pili ni saa. Ile saa inayokwambia dakika tano na nusu kwa kilomita huku itakuonyesha kumi, kumi na mbili, na utakuwa unahema kuliko ulivyowahi kuhema barabarani. Achana nayo. Kimbia kwa muda na kwa mapigo ya moyo, useme leo nakimbia kwa muda wa saa moja na nusu, nikirudi na kilomita nane ni nane. Na sehemu kali TEMBEA. Tena sio aibu, mlima ukiwa mkali kweli kutembea kunakula nguvu kidogo kuliko kukimbia kwa mwendo uleule, hata wale mabingwa wa Ulaya wanaweka mikono magotini wanatembea. Kuna hesabu wanayotumia waandaaji wa mbio za milimani, kila mita 100 za kupanda ihesabu kilomita moja ya ziada. Yaani kilomita 10 zenye mita 500 za kupanda mwili unazisoma kama 15. Hiyo tu ikikaa kichwani utaacha kujilinganisha na muda wako wa lami.

Na sisi wa Kigoma mbona tumekalia dhahabu. Ziwa liko mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari, na mgongo wa ile milima ya bonde la ufa kule upande wa Gombe unapita 1,500. Hiyo tofauti iko ndani ya kilomita chache tu. Kwa wanaoanza, njia za miguu za Bangwe na Katonga zinatosha kabisa, ukizoea sogea Mwandiga, Bitale, na ukishakuwa mtu mzima nenda Kalinzi kule kwenye kahawa na migomba ukaone milima inavyopangana.

Karibuni.

Mgebuka Mkavu

Naweka kambi hapa na chai yangu.

Ila kiongozi yaani serikali imelipa mabilioni kuweka lami, wewe unaiacha unaenda kukimbia kwenye njia ya mbuzi? Na mbuzi wenyewe wanatembea 😂😂

Lami Daima

Uzi mzuri ila hapa mnadanganyana kidogo. Nchi hii heshima yote ya mbio imeletwa na lami na uwanja. Filbert Bayi 1974 rekodi ya dunia ya mita 1500, uwanjani. Juma Ikangaa kashinda marathoni ya New York 1989, lami. Alphonce Simbu juzijuzi tu Tokyo 2025 bingwa wa dunia wa marathoni, 2:09:48, Mjerumani kapewa muda uleule kabisa ikabidi waangalie picha, hiyo yote lami. Sasa nyie mnaenda kuchunguliana na nyani huko Katonga mnasema ndio mazoezi. Mtu akitaka kuwa na spidi akae lami, mlima unakufanya uwe na hatua fupi na mguu mzito, mwisho.

Mkimbiaji wa Mwanga

@Lami Daima hapo kwenye spidi una hoja na siikatai. Ukikaa milimani tu miguu inasahau kuzunguka haraka, ndio maana nimebakiza siku moja ya lami kwa wiki, vipande vifupi vya kasi pale kwenye tambarare, basi.

Ila mbona unachanganya mbio na mazoezi? Hao mabingwa wanashindania lami, sio kwamba wanaishi lami. Nenda Iten kwa Wakenya uone, kilomita nyingi wanazikimbilia kwenye vumbi jekundu na mabonde. Na kama unataka medali, milimani nako ziko. Mkenya Patrick Kipngeno kachukua ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima Thailand 2022, akaenda Austria 2023 akachukua tena. Waganda nao wamo. Sisi wenye Kilimanjaro, Meru, Uluguru na hii mikoa yetu ya bonde la ufa ndio tunaangalia tu.

Lami Daima

Sawa, Mkenya anapewa pesa kupanda. Mimi na wewe nani anatulipa.

Mkimbiaji wa Mwanga

Na lami nani anakulipa? 😂

Fundi Soli

Ngoja nije kwenye raba maana ndio kazi yangu na naona mtoa mada kapita kimya.

Raba ya lami soli yake ni laini, bapa, na povu nene. Kwenye njia kavu ya udongo mgumu inakubali tu, msitishike mkaanza kukopa hela ya raba mpya, mwanzo anza na uliyonayo. Shida inaanza kwenye vitu vitatu. Kwanza changarawe zinazoteleza juu ya udongo mkavu, hapo bapa inakupeleka na makalio. Pili matope ya masika. Tatu lile povu nene, linakuinua juu sana kutoka ardhini, kwahiyo ukikanyaga jiwe pembeni kifundo kinapinduka kirahisi kuliko ungekuwa chini.

Raba ya porini unaitambua kwa meno. Geuza soli, meno ya milimita nne mpaka tano yanatosha kwa huku kwetu, ukipata yenye sita hiyo ni ya matope na kwenye mwamba inakuchosha. Ya pili ibonyeze kati, nyingine zina kibao kigumu ndani kinachozuia jiwe kali lisikuchome unyayo. Ya tatu mbele pawe papana, vidole vipate kutanuka, maana kwenye kushuka mguu wote unasogea mbele. Chukua kubwa kidogo kuliko ya lami, nafasi ya kidole gumba mbele ya kidole kirefu.

Mtumba pale soko la Mwanga zinapita mara nyingi tu na wauzaji wengine hawajui wanachouza, wanaziweka pamoja na za mpira wa miguu. Ila kagua gundi. Raba iliyokaa muda mrefu kwenye marobota soli inaachia yote siku ya kwanza ya maji, ipinde pinde uione kabla hujatoa hela. Ukishanunua nipitishie nikushonee pembeni, hiyo ndio itadumu.

Na kitu kidogo ambacho kinaokoa kucha, yale matundu mawili ya mwisho ya kamba juu kabisa watu huwa hawayatumii. Yatumie. Pitisha kamba utengeneze kitanzi kila upande alafu vusha kamba kwenye kitanzi ndio ufunge, kisigino kinakamatwa nyuma na vidole havigongi mbele ukishuka. Na kucha ukate. Kucha nyeusi sio cheo.

Mgebuka Mkavu

Kuna jamaa nilimuona anapandisha kule na yeboyebo, tena anapita watu. Hiyo nayo ina milimita ngapi @Fundi Soli?

Fundi Soli

Huyo kazaliwa hukohuko mwache.

Bint Ujiji

Kaka zangu mnaongea raba na medali, mimi naomba niongee upande wetu maana naona hakuna aliyegusa.

Nakimbia milimani na mwenzangu mmoja, tulianza lami kama wengine. Lami ya Ujiji asubuhi kwa mwanamke ni maneno tu, kila kijiwe kina la kusema. Milimani maneno yamepungua kweli, ila upweke umeongezeka, na hivyo viwili sio sawa. Kwahiyo sisi hatutoki peke yetu hata siku moja. Kuna mtu nyumbani anajua tumeingilia njia gani na tunatokea wapi, na kuna boda wetu mmoja wa kuaminika ana namba zetu, tukipitiliza muda anapiga. Simu inashika mtandao upande wa ziwa, ukivuka mgongo wa kilima kuna mahali inakata kabisa, hilo lijueni kabla sio baada.

Mavazi, mimi navaa trakisuti ndefu na tisheti ndefu, kanga nyepesi nimeifunga kiunoni. Tukifika karibu na nyumba za watu tunaishusha, tunatembea, tunasalimia. Hiyo salamu ndugu zangu ndio ulinzi wenyewe. Mama akishakujua atakwambia mwanangu leo usipite huku, kuna ng'ombe wakali, au kuna vijana wasioeleweka. Ukipita mbio bila kusalimia wanaanza kuuliza huyu anamkimbia nani. Kuna mzee alitufuata na panga akiamini tumekimbizwa, alitaka kutusaidia masikini, tukakaa naye tukamweleza, hakuelewa mpaka leo lakini kila tukipita anatuchekea.

Na upupu! Mbona hamjasema upupu? Kiangazi yale maganda yakikauka ukipita umevaa bukta fupi utajuta. Ukikugusa usijikune, ukijikuna unausambaza mwili mzima. Ndio maana na trakisuti yangu hamniambii kitu.

Mkimbiaji wa Mwanga

@Bint Ujiji umemaliza dada. Hilo la salamu naliwekea mkazo, njia zile ni za watu, zinapita mashambani kwa watu, mtu kapanda muhogo wake wewe usikatize katikati kufupisha kona. Na bebeni kitambulisho cha NIDA, tuko karibu na mpaka na Kigoma hii mnaijua wenyewe, ukikutwa porini unakimbia huna karatasi yoyote maelezo yanakuwa marefu.

Mzee wa Kalinzi

Vijana shikamooni mseme marahaba, maana naona leo nyinyi ndio walimu.

Sisi tuliokulia juu huku hatukujua kama hii ni michezo. Ndizi zinashuka, dagaa na mawese yanapanda, miguu ndio gari. Nimesoma hapo juu kijana anasema kushuka ndio kazi, ni kweli tupu, lakini hajasema namna. Kaeni siku moja mkao wa kuangalia akina mama wanaposhuka na mzigo kichwani. Hatua ni fupifupi na nyingi, goti limelegea halikakamai, mguu unatua chini ya mwili na sio mbele ya mwili, kichwa kimetulia kama kimebeba maji. Kijana wa mjini yeye anafanya kinyume, anaogopa, anaegemea nyuma, anarusha mguu mbele kisigino ndio kinatangulia, hapo ndipo anapoteleza. Ukiegemea nyuma miguu inakutoka. Egemea kidogo mbele pamoja na mlima, hatua zifupishe.

Na macho. Usiangalie kidole chako cha mguu. Angalia mbele hatua tatu nne, mguu wenyewe utakumbuka ulichokiona.

Masika mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne huo udongo mwekundu wa huku ukilowa usijidai. Mimi mwenyewe natembea na fimbo. Na asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni mti wa pili, mgeni asije peke yake. Mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma mashamba, moshi mwingi, siku hiyo kaeni nyumbani kifua kipumzike.

Mkimbiaji wa Mwanga

Shikamoo mzee wangu. Hii komenti naomba modi aibandike juu kabisa.

Lami Daima

Marahaba mzee eti 😂 Ila hii ya akina mama nimeielewa, naitumia kwenye mteremko wa Lumumba.

Tabibu wa Mtaa

Nimeona nyoka ametajwa kwenye maswali alafu kila mtu kamkwepa. Tuongee.

Koboko anaogopwa na ana haki ya kuogopwa, lakini mara nyingi akisikia vishindo anaondoka. Wa kumuangalia njiani ni kifutu. Huyu ni mnene, mzito, rangi yake ni ya majani makavu, na mbinu yake ni kutulia asionekane, hakimbii. Anapenda kujilaza kwenye njia. Kwahiyo usikanyage mahali hujapaona, usiruke gogo ukatua upande usioujua, panda juu ya gogo kwanza uangalie ndio ushuke, na jioni giza likiingia tochi ya kichwani iwake mapema. Ukiumwa, usichanje, usifunge kamba kukaza damu, usinyonye, usipake mafuta ya taa. Vua pete na raba kabla mguu haujavimba, tulia, mguu usitikisike, ubebwe, ufike hospitali ya Maweni haraka. Usitembee mwenyewe kama kuna mtu wa kukubeba. Nyoka usimtafute umuue umbebe, mnaweza kuwa wagonjwa wawili.

Lakini nikwambieni ukweli, kitakachowaumiza wengi sio nyoka, ni kifundo cha mguu. Mguu unapinduka kwa ndani, kano za nje ya kifundo zinavutika. Aliyewahi kuumia hapo mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kurudia, sababu ile hisia ya kujua mguu umekaaje inapungua. Dawa yake ni bure, simama mguu mmoja wakati unapiga mswaki, ukizoea fumba macho, ukizoea simama juu ya mto wa kulalia. Kila siku, miguu yote miwili. Na ukiumia, kama huwezi kukanyaga hata hatua nne au ukibonyeza mfupa wenyewe pale kifundoni unauma sana, nenda ukapigwe picha, usiende kukandwa kwanza.

Mzalendo wa Mbezi

Mimi niko Dar ila Kigoma ni nyumbani. Nashauri mtoke saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla jua halijawa kali, mimi hapa ndio muda wangu na saa kumi na mbili kweupe kabisa.

Bint Ujiji

Kaka umekaa Dar sana 😅 huku saa kumi na mbili bado giza. Jua letu linachelewa kama dakika arobaini kuliko la kwenu, tuko mwisho wa magharibi huku alafu saa tunatumia moja. Saa kumi na moja na nusu porini utakutana na hicho kifutu cha Tabibu. Ila jioni tunawapiga bao, saa kumi na mbili na nusu nyie mmeshawasha taa sisi bado tunakimbia.

Mzalendo wa Mbezi

Daah kweli nimesahau kwetu.

Kijana wa Gungu

Wakuu swali, Gombe si ndio ina milima mizuri yenyewe? Kwanini tusipande boti pale Kibirizi Jumamosi tukapige mazoezi huko, tunapita maporomoko ya maji tunarudi.

Mkimbiaji wa Mwanga

Mkuu Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, unaingia kwa kiingilio na unatembea na mwongozaji, sio mahali pa kujiendea mbio. Na kuna sababu ya maana. Sokwe wanashika magonjwa yetu ya mafua na kifua kirahisi sana na yanawaua, ndio maana wageni wanakaa mbali nao mita kumi na kuvaa barakoa. Sasa wewe unakuja unahema mdomo wazi, unatema mate, kwenye kona unakutana nao uso kwa uso. Hapana. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kafika pale 1960 akakaa kwa upole miezi ndio wakamzoea, wewe unataka kuwapita kwa spidi. Nenda Gombe kama mtalii, panda mpaka juu taratibu, mapaja yatajaa vilevile. Mbio zetu tufanyie Katonga.

Kijana wa Gungu

Nimeelewa mkuu. Na chakula je? Lami nilikuwa nakunywa chai tu natoka, nikirudi ndio nakula.

Bint Ujiji

Chini ya saa moja chai inatosha. Ukipita hapo, na milimani utapita maana kilomita nane zinakula muda wa kilomita kumi na tano, inabidi ule huko huko. Kiasi kinachosemwa ni gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina kama 25. Mimi nabeba ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi, na asali kwenye kichupa kidogo. Karanga nzuri lakini mafuta yake yanakaa tumboni, nakula nikimaliza. Maji beba ya kwako, lita moja au moja na nusu kiangazi, usinywe ya kijitoni hata yawe meupe vipi, kipindupindu huku sio hadithi. Kunywa kwa kiu, usijilazimishe malita kwa malita ya maji matupu, chumvi ya mwilini ikishuka sana unaweza kuzimia vilevile.

Mgebuka Mkavu

Na ukirudi ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Hiyo sehemu ya mazoezi naiweza.

Mnyamwezi wa Ipuli

Salaam kutoka Tabora. Nimesoma uzi wote nimepata wivu. Sisi huku ni tambarare, ardhi imelala, tuko kama mita 1,200 lakini zote ziko usawa mmoja 😂 Tutahamaje lami wakati hata mlima wa kuushuka hakuna?

Mkimbiaji wa Mwanga

Ndugu yangu mbona nyie mna kitu sisi hatuna, mchanga na miombo. Zile njia za kwenda Kwihara chini ya miembe, ule mchanga unavuta kifundo na vigimbi vya miguu kuliko unavyodhani, anza na dakika ishirini tu ndani ya mchanga usiongeze haraka, kano ya kisigino ndio itakayolalamika ya kwanza. Kwa mteremko tafuta ngazi za jengo refu lolote wanalokuruhusu, panda kwa kutembea, shuka kwa hatua ndogondogo, msuli haujui kama ni mlima au ni ngazi. Ukija Kigoma kwa treni utashuka na sisi bila shida.

Tabibu wa Mtaa

Na wa Tabora mkiingia miomboni msivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda hizo rangi na wanapenda kitu kinachotembea, mkimbiaji wa tisheti ya bluu ni karamu. Kaki au rangi ya udongo.

Mnyamwezi wa Ipuli

Jezi zangu zote ni za bluu jamani.

Lami Daima

Hamia lami.

Mkimbiaji wa Mwanga

😂😂😂 Haya, kwa wa hapahapa mjini, Jumamosi tunatoka. Tunakutana Bangwe, saa moja kamili kweupe, tunapita juu tunatelemkia Katonga, saa moja na nusu ya mwendo wa taratibu, kila mtu maji yake na ndizi yake. Wanaoanza tutatembea nao, hakuna anayeachwa nyuma. @Mzee wa Kalinzi ukiwa mjini tutafurahi sana.

Mzee wa Kalinzi

Jumamosi nina gulio. Jumapili baada ya ibada.

Bint Ujiji

Jumapili ni sawa kwangu na mwenzangu.

Mkimbiaji wa Mwanga

Basi Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa limelegea. Saa kumi na moja tumeshafika Katonga. Tochi bebeni hivyohivyo.

Lami Daima

Hiyo Bangwe boda kutoka Mwanga shilingi ngapi?